Acheni kusema polisi wa Marekani "hawali rushwa, wanakula donati tu". Tunaozitoa hizo donati tupo humu!

Wakuu, wasimamizi naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho. Sijaja kuchekesha mtu, nimekereka.

Kuna ile picha inazunguka kwenye magrupu: askari wa Kizungu mwenye kitambi, donati mkononi, sukari imemganda kwenye masharubu, na chini yake mbongo mmoja kaandika, "Wenzetu polisi wao wanakula donati, wa kwetu wanatula sisi." Watu wanacheka, wanasambaza, kila mmoja anaongezea lake. Hadi shangazi yangu wa Moro kanirushia na kuniuliza kama kweli polisi wa huku ni wapole kiasi hicho, kazi yao ni kukaa na kunywa kahawa. Shangazi nimeshindwa kumjibu kwa adabu, ndiyo maana povu nimelileta huku.

Mimi nauza donati. Texas, zamu ya usiku, duka halifungwi. Hicho mnachokifanyia utani mimi ndiye ninayekipakia kwenye boksi.

Ngoja niwape picha ilivyo. Saa tisa usiku mwokaji yuko nyuma anaopoa za kwanza kwenye mafuta, mimi nazimwagia shira zikiwa bado za moto maana zikishapoa haishiki vizuri. Gari la doria linaegesha mlangoni. Anaingia askari, redio inakoroma begani, macho mekundu. Anaagiza kahawa nyeusi kubwa na donati mbili. Amri ya mama mwenye duka ni hivi: kahawa ya mwenye sare hailipiwi, donati ni nusu bei, na akisema anawapelekea wenzake kituoni, napakia dazani nzima bila kuuliza swali. Mashine ya mauzo ina kitufe chake kabisa kwa kazi hiyo. Nabonyeza, bei inashuka, afande anashukuru, anaondoka zake.

Nyuma yake kwenye foleni kuna nesi ametoka zamu hospitalini na viatu vyake vya kazi, na kuna fundi zege anayewahi kazini kabla hakujapambazuka. Wote wameona. Mnadhani wanamuuliza afande? Mtu ana bastola kiunoni, nani amuulize! Wanasubiri mlango ujifunge, kisha wananigeukia mimi. "Na mimi mbona nalipa yote?" Mmoja alinitupia sarafu kaunta zikabiringika hadi chini, nikapiga magoti kuziokota na foleni inasubiri. Mwingine anatoa simu, anarekodi, anaiga king'ora kwa mdomo, anamwambia askari aliyekwishaondoka "kula taratibu afande", na kesho yake uso wangu uko mtandaoni. Utani ni wa polisi, matusi ni ya kwangu.

Na mimi mfanyakazi nikila moja naiandika kwenye daftari. Moja! Hata za jana zinazokwenda kutupwa zinahesabiwa kwanza ndiyo ziingie kwenye mfuko mweusi.

Halafu kuna wanaoandika kwa kujiamini kwamba ni uroho tu, Mzungu na sukari. Ndugu zangu, hii kitu ina chanzo chake na hakihusiani na uroho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa doria wa Marekani alikuwa akizunguka usiku kucha na migahawa mingi imefungwa. Duka la donati ni kinyume chake: ukitaka mzigo wa alfajiri lazima ukaange usiku, kwa hiyo taa zinawaka. Pale alipata kahawa moto, choo, simu, meza ya kuandikia ripoti, na kitu cha bei ndogo cha kulia ndani ya gari kwa mkono mmoja. Na maduka yenyewe ndiyo yalikuwa yanachipuka. Krispy Kreme ilikuwepo tangu 1937 kule Winston-Salem, North Carolina. Mwaka 1948 Winchell's ikaanza California, na mwaka huo huo William Rosenberg akafungua duka Quincy, Massachusetts, ambalo mwaka 1950 alilipa jina la Dunkin' Donuts. Askari na donati wakakutana usiku kwa sababu wote wawili walikuwa kazini. Basi.

Lakini mwenye duka naye si mjinga. Duka lililo wazi saa nane usiku, lina fedha taslimu kwenye droo na msichana mmoja kaunta, ni chambo cha majambazi. Gari la polisi likisimama mlangoni hakuna mwizi anayeingia. Huyo ni mlinzi asiyedai mshahara. Mshahara wake ndiyo donati.

Mama yetu simlaumu sana, niseme ukweli. Ni Mkambodia. Mtakaosoma kuhusu biashara hii mtakuta Wakambodia wengi sana, hasa California, tangu Ted Ngoy alipofika kama mkimbizi mwaka 1975, akajifunza kazi, akafungua maduka na kuwaingiza wenzake waliokimbia vita. Bosi wangu kabla sijaajiriwa alishawahi kuwekewa bunduki usoni kwenye kaunta hii hii ninayosimama mimi. Ukimgusia habari ya kitufe hajibu, anaangalia mlango. Namwelewa. Ila kumwelewa hakuniondolei foleni inayonitukana.

Sasa nije kwenu mnaosema "hawali rushwa".

New York, mwaka 1970, meya John Lindsay aliunda tume chini ya Whitman Knapp baada ya askari Frank Serpico na mwenzake David Durk kupeleka kwenye gazeti yale waliyoyaona kazini. Ripoti ikatoka 1972. Tume iliwagawa polisi wala rushwa makundi mawili. Kuna wala nyama, hao wanaoitafuta fedha kwa nguvu, wanawinda. Na kuna wala nyasi, hao wanaopokea tu kinachopita mbele yao, dola chache, mlo wa bure. Wengi walikuwa wala nyasi. Na tume haikuwachekea hao wala nyasi, haikusema "aah, ni kahawa tu jamani". Ilisema wao ndio kiini cha tatizo, kwa sababu wingi wao unaifanya rushwa ionekane ni jambo la heshima. Hayo yaliandikwa na Wamarekani wenyewe zaidi ya miaka 50 iliyopita, halafu leo mtu amekaa Sinza ananifundisha kwamba donati ya bure ni ukarimu.

Tofauti ipo, sikatai. Trafiki anayekusimamisha Kibaha na kupokea leseni yenye noti ndani yake amekutishia, wa kwangu hajamtishia mtu. Lakini mama ntilie yeyote mwenye meza karibu na kituo cha polisi, iwe Mbagala iwe Buguruni, anaijua hesabu yangu bila kufundishwa. Afande anakula, anafuta mdomo, "mama nitapita mwisho wa mwezi". Hajakukataza kumdai. Humdai tu. Unaongeza maharage, unatabasamu, na hasara unaijua mwenyewe. Huyo mama ndiye anayeelewa kazi yangu, siyo ninyi wenye picha ya kitambi.

Na kuna swali linanisumbua. Usiku mmoja wawili walipigana nje kwenye maegesho, mmoja akapasua kioo cha mlango wetu, nikapiga 911, namba ya dharura ya huku. Walifika upesi ajabu, na mmoja wao alikuwa yule wa kahawa nyeusi kubwa. Nilishukuru, nani asingeshukuru. Ila dada wa duka la kufulia la jirani, ambaye hana cha kugawa zaidi ya sabuni, anasema wakati walipovunjiwa wao walisubiri hadi wakafagia vioo wenyewe. Huyo akija kununua donati nimwambie nini?

Wapo wanaokataa, lazima niwape haki yao. Idara nyingi za polisi huku zina kanuni zinazokataza askari kupokea zawadi au punguzo kwa sababu ya sare, sema kanuni inalala usiku. Tunaye sajini mmoja mtu mzima, akinikuta nimebonyeza kile kitufe ananiambia futa. Anasimama hadi bei kamili itokee kwenye kioo, analipa, chenji anatia kwenye kopo la bakshishi. Hana maneno mengi. Zamu anayopita yeye sitegemei kutukanwa.

Na kule Clare, Michigan, mwaka 2009 duka la mikate lililokuwepo tangu 1896 lilikuwa linakaribia kufungwa. Askari wote tisa wa mji huo wakachanga wakalinunua, wakaliita Cops & Doughnuts. Hao sina ugomvi nao hata kidogo. Wanajitania wenyewe kwa hela yao.

Kingine, nyie mnaodhani polisi wa huku wanaijua donati kuliko wanavyojua watoto wao. Orlando, Florida, Desemba 2015, askari alimsimamisha mzee mmoja kwa kosa la barabarani, akaona vipande vyeupe kwenye sakafu ya gari. Mzee akamwambia ni shira ya donati ya Krispy Kreme imedondoka. Askari akapima kwa kipimo cha mkononi, kipimo kikasema dawa za kulevya. Mzee akatiwa pingu! Maabara ikaja kuonyesha hakuna dawa yoyote, na jiji likamlipa dola 37,500. Hapo ndipo utani wenu ungefaa, lakini huo hamuusambazi kwa sababu hauna kitambi.

Ninachotaka. Kwanza, picha hiyo msinitumie tena. Pili, wale mnaoishi huku, mkiingia duka la donati mkakuta askari, nunueni mtoke, msimfanye dada wa kaunta kuwa jukwaa la vichekesho vyenu. King'ora cha mdomo tumeshakisikia. Tatu, nataka ushauri wa kweli kutoka kwa wanaofanya kaunta za usiku, iwe donati, iwe sheli, popote pale: kwenu punguzo la wenye sare limeandikwa ukutani au mnalifanya kimyakimya kama sisi? Nataka kumshauri mama aliandike, na amweke nesi na zimamoto humo humo, ili mtu akiniuliza nimwonyeshe ukuta.

NYONGEZA: Naona majibu yameshaanza kumiminika.

Anayesema nina wivu wa donati: nanuka donati hadi kwenye nywele, nikifika nyumbani sitaki hata kuiona sukari.

Anayesema nataka polisi waje wakae mbali na duka: hapana, soma tena. Nataka walipe.

Anayesema "dada acha kazi urudi nyumbani": nauli unatuma wewe?

Mkuu wa Mombasa, asante kwa kueleza habari za askari na kibanda chenu cha mahamri. Hiyo ndiyo aina ya jibu ninayotaka, wengine igeni.

Na wewe uliyeuliza kama kuna nafasi: ipo, ya usiku, kaunta, anatakiwa mtu haraka. Njoo inboksi na uwe na kibali cha kazi.