Massey Ferguson 135: mikono ya kunyanyulia inashuka yenyewe

Mkulima wa Urambo
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninalo trekta la Massey Ferguson 135 ninalolimia mashamba ya tumbaku hapa Urambo. Nikinyanyua plau ya sahani tatu na kuzima injini, plau inafika chini kabla mimi sijashuka kitini. Injini ikiwaka, mikono ya nyuma inayobeba plau inapanda na kushuka kidogo kidogo kama mtu anayesinzia. Nje silioni hata tone la oili. Mwaka jana fundi mmoja alibadilisha oringi (pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje) ya pistoni ya kunyanyulia, kazi ikaenda vizuri miezi miwili, kisha hali ikarudi vilevile. Je, ninunue silinda nzima ya kunyanyulia?

Fundi, Tabora Mjini
Ndugu mkulima, usinunue kitu bado. Silinda ya 135 imefungwa ndani, chini ya mfuniko mkubwa uliobeba kiti, na oili inayovuja hudondokea humo humo kwenye giaboksi. Ndiyo maana nje ni pakavu. Oili hutoka kwenye pampu na kupanda kwa bomba fupi la wima, ambalo nalo lina oringi zake, na hizo zikichoka dalili ni hizo hizo. Bomba hilo huchomolewa kwa juu bila kunyanyua mfuniko, kwa hiyo ningeanzia hapo.

Ukitaka uhakika, fungua kifuniko cha pembeni, nyanyua mzigo injini ikizunguka polepole, kisha mulika kwa tochi. Oili ikichuruzika kwenye mdomo wa silinda, tatizo ni pistoni au ukuta wa silinda. Ikirushwa kutoka kwenye bomba, ni zile oringi. Pakiwa pakavu kote, shuku valvu za pampu. Mkono usiingie humo, kwa sababu oili yenye presha hupenya ngozi, wala mtu asikae chini ya plau.

Mkulima wa Sikonge
Mimi naomba uitazame oili yenyewe. Ya kwangu ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na tulipotoa silinda tukakuta ukuta una vishimo vya kutu ambavyo ukucha ukipita unakwama. Oringi mpya juu ya ukuta wa namna hiyo inachanwa tu. Maji yalikuwa yakiingia kupitia mpira wa gia, ule unaofunika shina la mkono wa gia, uliopasuka, maana trekta lilikuwa linalala nje masika nzima.

Mkulima wa Urambo
Nimechomoa kijiti cha oili jioni hii: ni maziwa matupu. Mpira wa gia nao umepasuka upande wa mbele, na sikuwahi kuutilia maanani.

Fundi, Tabora Mjini
Basi mwenzetu wa Sikonge amepatia, na mfuniko itabidi unyanyuliwe. Michubuko midogo ya ukuta husuguliwa ikaisha, lakini ukucha ukikwama, hapo ndipo silinda inunuliwe. Ile ringi ngumu inayoegemeza oringi ikae upande usio na presha, yaani upande wa mdomo wa silinda. Ikiwekwa kinyume, oringi husukumwa kwenye mwanya kati ya pistoni na ukuta na kukatika. Wakati wa kurudisha mfuniko, hakikisheni vijiti vya kuongozea pampu vimeingia mahali pake, kwani vikikosea mikono haitapanda kabisa nanyi mtavilaumu bure vipuri mlivyonunua. Mwaga oili yote, safisha ndani, na mpira wa gia ubadilishwe kabla hujajaza mpya.