Makumbusho ya gazeti la Tombstone Epitaph, Arizona: tutazame nini?

mama_wa_tucson

Habari zenu wakuu. Jumamosi tunatoka Tucson na watoto wawili, wa miaka 9 na 13, kwenda Tombstone. Nataka tuanzie kwenye makumbusho ya gazeti la Epitaph kabla ya maigizo ya kufyatuliana risasi. Najua ni padogo na kiingilio ni bure. Tatizo, usipojua unachokitazama unaona vyuma tu na unatoka baada ya dakika kumi. Naomba mnisaidie: tutafute nini humo ndani, mitambo ya kuchapia ilifanyaje kazi (niwaeleze watoto kwa Kiswahili), na nakala ya gazeti la Oktoba 1881 inayouzwa pale, yenye habari ya mapambano ya risasi yanayoitwa ya O.K. Corral, isomwe vipi? Mwenye kujua njia na maegesho pia atusaidie.

fundi_matbaa

Karibu sana dada. Anza na herufi, halafu ndiyo uende kwenye mtambo.

Herufi moja ni kijiti cha madini: sehemu kubwa ni risasi (madini ya lead, siyo ya bunduki), antimoni inaongeza ugumu, na bati kidogo husaidia madini yaliyoyeyuka kujaa vizuri kwenye kalibu. Kutoka mguuni hadi usoni ina inchi 0.918, yaani milimita 23.3 hivi, na kwa Marekani kipimo ni hicho hicho kila mahali. Kinachotakiwa kuacha wino kwenye karatasi lazima kifike urefu huo. Kisichotakiwa, kama nafasi kati ya maneno, kinafanywa kifupi ili rola ya wino ipite juu bila kukigusa.

Mkubwa mpe kazi ya kusoma droo ya herufi. Ile iliyoenea Marekani huitwa California job case na ina vyumba 89: herufi ndogo kushoto, kubwa kulia. Chumba kikubwa kuliko vyote ni cha e. Herufi kubwa zimefuata alfabeti, isipokuwa J na U zimewekwa baada ya Z. Ni urithi wa enzi ambazo J haijatenganishwa na I, wala U na V. Mwache aigundue mwenyewe.

Mpanga herufi alishika kibao chake kwa mkono wa kushoto, akachomoa herufi kwa wa kulia, akazisimamisha kutoka kushoto kwenda kulia, zikiwa kichwa chini. Tazama ubavuni mwa herufi utaona mfuo mdogo. Mifuo yote ikilingana upande mmoja, hakuna herufi iliyopinduka. Bila mfuo huo, b, d, p na q zingemchanganya hata fundi mzoefu, kwa sababu uso wa herufi unasomeka kama kwenye kioo.

Safu zikikamilika huhamishiwa kwenye meza iliyonyooka kabisa, zinazungushiwa fremu ya chuma, mapengo yanajazwa vipande vya mbao, kisha kabari zinakazwa. Hapa ndipo kazi ya siku nzima ilipoweza kuharibika. Mstari mmoja ukipungua hata kwa unene wa karatasi, kabari haziushiki. Fremu ikiinuliwa, herufi za mstari ule zinachomoka na za jirani zinafuata. Ndiyo maana fundi huinua kona moja kidogo, huingiza kitu chini yake, halafu hubonyeza mistari kwa ncha za vidole. Mstari unaocheza huongezewa kijazio chembamba kabla ya kwenda mtamboni. Herufi zikishamwagika huokotwa moja moja na kurudishwa droo, hakuna njia ya mkato.

Sasa mtambo. Wa mkono ulioenea zaidi magharibi ya Marekani ni wa aina ya Washington, maana uliweza kufunguliwa vipande na kusafirishwa kwa magari ya kukokotwa. Kwa watoto, ufananishe na goti: chuma cha kukandamiza kinasukumwa na kiungo kilichokunjwa, na mpini ukivutwa, kiungo kinanyooka. Kadiri goti linavyokaribia kunyooka ndivyo nguvu inavyozidi. Mtu mmoja alipaka wino, mwingine akavuta, wakatoa karatasi 200 hadi 250 kwa saa, na hapo ni upande mmoja tu.

Karatasi ililoweshwa kidogo tangu jana yake, kwa kuwa kavu ni ngumu na hainywi wino sawasawa. Rola zilitengenezwa kwa gundi ya wanyama na molasi: kwenye joto la kiangazi zinalegea na kunata, kwenye baridi zinakakamaa na kuacha mabaka. Ukikuta ukurasa wa zamani uliofifia kona moja, mara nyingi shinikizo halikuwa sawa. Fundi alibandika vipande vya karatasi nyembamba nyuma ya sehemu iliyofifia hadi ikafanana na nyingine. Akizidisha, herufi zinatoboa karatasi.

Mkikutana na mashine ndefu kuliko mtu, yenye kibodi ya vitufe 90, hiyo ni Linotype. Msiihusishe na mapambano ya O.K. Corral ya 1881. Gazeti la kwanza kuitumia ni New York Tribune mwaka 1886. Yenyewe hukusanya kalibu za shaba nyeupe za mstari mzima na kuumimina mstari kwa madini ya nyuzi joto 285 hivi za Selsiasi. Mstari ukiwa haujajaa, madini hupenya kwenye nafasi na kuruka nje, na aliyekaa mbele anaungua.

Jambo moja la afya: herufi kuukuu zenye unga mweupe zina kutu ya risasi. Wakiruhusiwa kuzigusa, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote.

msoma_kale

Naongeza kuhusu gazeti lenyewe. Tombstone ni jiwe la kaburi, na Epitaph ni maneno yanayoandikwa juu yake. John Clum alilianzisha tarehe 1 Mei 1880, na jina lilitokana na jina la mji.

Mapambano hayo ya O.K. Corral yalitokea tarehe 26 Oktoba 1881, na Epitaph ikatoa habari kesho yake. Kichwa kikubwa kilisema ni msiba wa jana, na chini yake kuna vichwa vidogo vilivyopangwa ngazi kwa ngazi ndani ya safu moja. Safu zilitenganishwa na vipande virefu vya shaba, kwa hiyo kutandaza kichwa kimoja juu ya safu kadhaa ilikuwa usumbufu mkubwa. Habari nzito ilionyeshwa kwa kuongeza ngazi kwenda chini.

Msianzie ukurasa wa kwanza mkidhani ndiko kuna jipya. Gazeti la kurasa nne ni karatasi moja iliyokunjwa: ukurasa wa 1 na wa 4 upande mmoja, wa 2 na wa 3 upande wa pili. Upande wa nje mara nyingi ulichapwa mapema ukiwa na matangazo, na habari za dakika za mwisho ziliingia ndani.

Halafu someni mkijua nani anaandika. Wakati ule Clum alikuwa pia meya wa mji, na Virgil Earp, mmoja wa waliofyatua risasi, alikuwa mkuu wa polisi wa mji huo huo. Epitaph ikawa upande wa akina Earp, yaani Virgil na ndugu zake. Gazeti shindani, Nugget, liliendeshwa na Harry Woods, naibu wa sherifu Johnny Behan, na hilo halikuwa na mapenzi na akina Earp. Msomaji aliyenunua moja tu alipata nusu ya jambo. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni magazeti mengi ya kale ya Arizona, bure, kwa hiyo mkirudi nyumbani mnaweza kuendelea kulinganisha.

mama_wa_tucson

Asanteni mno. Mdogo anauliza: droo hiyo ya vyumba 89 ingetosha kuandika Kiswahili?

fundi_matbaa

Ameuliza swali zuri sana. Vyumba vinatosha, idadi ya herufi ndiyo tatizo. Seti ya Kiingereza hupimwa ikiwa na e nyingi kupita zote. Kiswahili kinamaliza a kwanza, kisha k na w zinafuata kupungua, wakati q na x zimelala bila kazi. Mfano, “wanakaa karibu na kanisa”: hesabuni a zilizomo, ni nane, na e hakuna hata moja. Mchapaji wa Kiswahili alihitaji kuagiza a za ziada, la sivyo achape ukurasa mmoja, auvunje, ndipo apange unaofuata. Magazeti kama Kiongozi la Tanga, lililoanza 1904, yalipangwa kwa mkono namna hii.

dereva_wa_jangwani

Njia: I-10 kuelekea mashariki hadi Benson, kisha barabara ya 80 kusini. Jumla ni kilomita 113 hivi, saa moja na robo. Barabara ya 80 ikiingia mjini inaitwa Fremont. Egesha hapo au mitaa ya pembeni, kwa kuwa sehemu ya katikati ya mtaa wa Allen ni ya watembea kwa miguu. Makumbusho yapo mtaa wa Fifth, hatua chache kutoka Allen. Hakikisha saa za kufungua kabla ya kuondoka.

Pale tengeni dakika 45. Pigano halikutokea ndani ya O.K. Corral, lilikuwa kwenye kiwanja kitupu upande wa Fremont, kwa hiyo mkitoka na nakala ya gazeti mnaweza kusimama karibu na eneo hilo na kusoma.

Wakati wa kurudi kaskazini mnaweza kukuta kizuizi cha Border Patrol, yaani askari wa mpakani. Asiye raia mwenye miaka 18 na kuendelea anatakiwa kisheria kuwa na kitambulisho chake cha uhamiaji mfukoni, siyo picha kwenye simu. Bebeni maji ya kutosha, na bomba la kadibodi la kuwekea gazeti, maana nakala ikikunjwa kwenye mkoba inachanika pale pale kwenye mkunjo.