Klipu ipi imalize bando: Guy Goma, nyangumi wa Oregon au profesa wa Busan?

mzee_wa_bando: Wakuu, tulinganishe klipu tatu za televisheni ambazo hakuna aliyezipanga: Guy Goma wa BBC (2006), nyangumi aliyelipuliwa Oregon, Marekani (1970), na profesa Robert Kelly wa Busan, Korea Kusini, aliyevamiwa na wanawe akiwa hewani (2017). Tuangalie urefu, kama inahitaji Kiingereza, na kama unaweza kuiweka sebuleni mbele ya wazazi. Jibu la "zote kali" sitaki.

kiti_cha_mbele: Goma. Mtu wa Kongo Brazzaville, kaenda BBC London tarehe 8 Mei 2006 kwa usaili wa kazi ya kompyuta. Studio inamsubiri mtaalamu aitwaye Guy Kewney; mfanyakazi aliyetumwa kumchukua mapokezi akarudi na Guy mwingine. Mara jamaa yuko hewani anaulizwa kuhusu kesi ya Apple Corps (kampuni ya bendi ya Beatles) na Apple Computer. Tazama uso wake anapotambulishwa kwa jina lisilo lake: macho yanamtoka, mdomo unafunguka kama anataka kukana, halafu anameza mate na kujibu. Klipu zinazoanzia kwenye swali la kwanza zimekata utamu wote. Tafuta yenye utangulizi wa mtangazaji.

Mwani_na_Chaza: Goma bila Kiingereza ni nusu tu, mkuu. Nyangumi haihitaji hata tafsiri. Mzoga wa tani kama 8 umeoza ufukweni mjini Florence, watu wa idara ya barabara wakaona dawa ni baruti: makasha 20, karibu nusu tani. Wakaifukia zaidi upande wa nchi kavu ili mlipuko usukume nyama baharini na ndege wale masalia. Hesabu ikagoma. Mchanga na minofu vikaruka juu, kisha vikaanza kushuka kwa watazamaji waliokuwa wamesogezwa kama mita 400, na pande moja la mafuta likabonda paa la gari. Mzoga wenyewe? Sehemu kubwa ilibaki palepale! Nyangumi 41 walipokwama eneo hilohilo mwaka 1979, walichomwa na kuzikwa, baruti haikuguswa.
Sauti iwe juu. Baada ya mlipuko watu wanashangilia, halafu unasikia vipande vinatua, pu, pu, na shangwe inageuka. Kuna nakala iliyosafishwa upya kutoka kwenye filamu ya 16mm, ilitolewa 2020 ajali ilipotimiza miaka 50. Zile zilizobandikwa muziki ruka.

dada_wa_zamu: Sebuleni mimi naweka Kelly. Haifiki dakika moja, na aliye jikoni akisikia vicheko atawahi marudio. Nyangumi ina nyama iliyooza, wakati wa chakula hapana.

mzee_wa_bando: Na wakili aliyegeuka paka kwenye kikao cha mahakama kwa njia ya video, Texas, Februari 2021? Kichujio cha sura kilikuwa kimeachwa kwenye kompyuta, jaji anamwelekeza namna ya kukiondoa, naye anasema yuko tayari kuendelea na kesi.

dada_wa_zamu: Nzuri, ila ni ya mara moja. Ukishaona macho ya paka yakihangaika huku na huku, umemaliza.

kiti_cha_mbele: Kwa wenye bando la kuokoteza: YouTube, gonga alama ya gia, kisha Ubora, shusha hadi 144p. Goma inavumilika maana uso umejaa kioo. Nyangumi usiende chini ya 360p, vipande vinavyoruka vitageuka ukungu.

dada_wa_zamu: Kelly nayo 360p. Ukishusha sana, kila mtu atamtazama binti anayeingia akitamba na mdogo wake anayemfuata kwenye kigari. Mwisho unapotea: mama keshawakokota wote nje, halafu anarudi amejikunja chini, ananyoosha mkono kuuvuta mlango, kana kwamba akiwa chini hivyo kamera haimwoni.

Mwani_na_Chaza: Hapo kwenye mlango nakubali. Lakini gari la Oregon bado linaongoza.