Kufundisha watoto nyumbani (miaka 4 na 6): naanzia wapi?

Mama_Wawili
Wakuu, habari za leo. Tuko Morogoro. Mdogo ana miaka 4, mkubwa anatimiza 6 mwezi wa tano. Mimi na baba yao tumekubaliana kwa sasa wasomee nyumbani. Asubuhi nina nafasi mpaka saa sita. Naomba mnielekeze: sheria inasemaje, nianze na nini hasa, na ninunue nini? Bajeti haifiki laki. Wale wa "wapeleke shule tu", tafadhali piteni kimyakimya.

Ubao_Mweusi
Dada, tangulia na sheria. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, kifungu cha 35 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na hajafika 13 awe ameandikishwa elimu ya msingi. Kwa hiyo huyo wa miaka 4 una muda naye. Huyo mkubwa muda wake ni mfupi kuliko unavyodhani: Mei mwakani anatimiza 7, na masomo ya mwaka huo yanaanza Januari. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida unaanza Oktoba. Panga kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Mpango wako halisi ni miezi kadhaa ya kumjenga kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kisha aingie darasa la kwanza akiwa anasoma.

Cheti cha kuzaliwa kishughulikie sasa, usingoje Oktoba. Na ukisikia ushauri wa "kaa naye mpaka la tatu kisha umwingize", ujue shule ndiyo inayomsajili mtoto kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, na namba anayopata humo ndiyo inayomfuata kwenye upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza msingi. Kumchomeka katikati bila kumbukumbu hizo ni usumbufu mtupu.

Vitabu usinunue kwanza. Vya awali na darasa la kwanza viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unavisoma kwa simu.

Mwalimu_wa_Awali
Nijibu la "nianze na nini". Kusoma Kiswahili ni rahisi kufundisha kwa sababu kila herufi ina sauti yake na haibadiliki, ila wengi wanaharibu mwanzoni kabisa kwa kufundisha majina ya herufi. Mtoto aliyezoea "bii, sii, dii" ukimwekea *ba* anasoma "bii-a". Fundisha sauti tu.

Wiki ya kwanza irabu tano. Kisha konsonanti mbili kwa wiki. Usifuate mpangilio wa alfabeti. Anza na m, k, halafu t, l. Kwa hizo nne tu, pamoja na irabu, ana silabi 20, na tayari anasoma *kiti, moto, kalamu*, mpaka *kimulimuli*. Sentensi pia: "Kaka Tito alikata mti." Hapo kwenye *mti* mpigie makofi mawili, m-ti, maana hiyo *m* inasimama peke yake. Usipomwonyesha atasoma "miti" au "muti".

*b* na *d* zitenganishe kwa wiki tatu au zaidi. Ukizifundisha pamoja atazigeuzageuza mwaka mzima.

Konsonanti moja moja ziko 18, kwa hiyo silabi ni 90. Nunua manila mbili, kata kadi za upana wa vidole vinne, andika silabi moja kila kadi kwa maka pen. Sasa kosa kubwa kuliko yote: kuimba "ba be bi bo bu" ukutani. Mtoto anakariri wimbo, mzazi anafurahi, ukimwonyesha *bu* peke yake anaanza tena kuimba toka mwanzo ili aifikie. Changanya kadi kila siku. Silabi aliyoisoma bila kusita siku tatu mfululizo iweke kwenye bahasha ya "najua", uipitie Ijumaa.

Zikiisha hizo ndipo ch, sh, ny, th, dh, gh na ng' (*ng'ombe* na *ngoma* ziweke pamoja asikie tofauti), kisha mb, nd, nj, mw, kw. *Mbwa*, *kichwa*, *nywele* ziache za mwisho. Imla ya maneno matatu kwa siku inatosha.

Mama_Wawili
Asante sana mwalimu. Mkubwa tayari anaimba ABC ya Kiingereza, kajifunza kwenye TV. Nimkataze?

Mwalimu_wa_Awali
Usimkataze, aimbe. Ila kwenye kadi ni sauti za Kiswahili tu, na kusoma Kiingereza kusubiri mpaka asome aya fupi ya Kiswahili bila kukwama. Kuongea na hadithi za Kiingereza hazina shida hata sasa.

Njiti_Kumi
Hesabu imesahaulika. Akifika 11 mpaka 19, kosa utakaloliona ni "kumi na tatu" kuandikwa 103. Hajakosea masikio, kaandika alichosikia: kumi, halafu tatu. Dawa ni njiti. Funga njiti kumi kwa mpira, weka fungu moja kushoto na njiti tatu kulia, kisha tumia kadi ya 10 na kadi ya 3, ya 3 ifunike sifuri. Kwa wa miaka 4 tumia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Visoda vina kingo kali, na maharage yanaishia puani.

Kuandika, mdogo asishike penseli ya kufuata mstari bado. Aandike kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga, na afinyange: unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, kijiko cha mafuta, maji robo tatu kikombe ukiongeza taratibu. Ukinata ongeza unga. Funika vizuri, chumvi inavuta unyevu na masika unga huo unalowa. Mkubwa mpe penseli fupi, urefu wa kidole, inamlazimisha kuishika kwa ncha za vidole.

Pita_na_Kelele
Napita, ila si kimya. Kinachowashinda wengi ni ratiba. Wanaweka saa nne za darasa, wiki ya pili wamechoka wote. Wa miaka 6 anahitaji saa moja mpaka moja na nusu kwa siku, vipindi vya dakika 15 hadi 20. Wa miaka 4 dakika kumi mara mbili, basi. Anza na mdogo, mpe sinia lake la mchanga, ndipo ukae na mkubwa. Ukianza na mkubwa, mdogo atavuruga kadi zote.

Simu izime saa hiyo, na majirani wajue, maana mtu aliye nyumbani huonekana hana kazi. Pia watafutie wenzao angalau mara mbili kwa wiki, madrasa, Sunday school, hata uwanjani. Kungoja zamu kunafundishwa na watoto wengine. Januari mkubwa ataingia darasa lenye wenzake wengi, na hapo kusoma *kimulimuli* hakutamsaidia kama hajui kunyoosha mkono.

Mama_Wawili
Nimeandika yote. Jumatatu naanza na irabu. Manila ninazo, sinia naazima kwa mama mkwe.