Naomba ushauri: nakshi ninazochora kwa vekta kwenye kishikwambi zinapendeza kwenye kioo, zikifika kwenye fedha zinaharibika

Sonara wa Sakina (Arusha)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni sonara hapa Arusha, na kwa miaka 11 nimekuwa nikichonga nakshi kwa mkono kwenye bangili, pete na vifuniko vya visanduku vya fedha. Michoro yangu yote nilikuwa naichora kwa penseli, kisha naihamishia kwenye fedha kwa ncha ya sindano. Mwaka huu nimenunua kishikwambi chenye kalamu yake, kwa sababu wateja wengi sasa wanaagiza bangili sita au nane zenye nakshi ileile kwa ajili ya harusi, na kurudia mchoro mmoja mara nane kunanimalizia siku nzima kabla sijashika chombo cha kuchongea.

Nilichagua vekta badala ya pikseli kwa kuwa nilielezwa kwamba mchoro wa vekta huhifadhiwa kama nukta na mikunjo inayokokotolewa, si kama vidoa vya rangi, hivyo unaweza kuukuza au kuupunguza bila kingo zake kuchakaa. Hilo nimelishuhudia mwenyewe. Tatizo langu liko kwingine.

Nimechora bangili yenye mstari mmoja mrefu unaojisokota na kutoa matawi kulia na kushoto, nikaweka majani ya mbuni (mti wa kahawa) mahali pa yale majani ya akanthusi tuliyozoea kuyaona katika nakshi za Ulaya, kwa sababu bibi harusi ni wa Kibosho na ameomba kitu cha kwao. Kwenye kioo mchoro ulinifurahisha sana. Nilipouchapisha kwa ukubwa wake halisi, yaani upana wa milimita 12, majani yaligeuka mabaka meusi, na misokoto ambayo kwa penseli huwa naichora kwa pumzi moja ilionekana kama kamba iliyolowa, ina vinundu na inapinda pasipo sababu. Nilipoupeleka kwa mwenye mashine ya leza aujaribu kwenye kipande cha shaba, mashine ilichora kila mstari mara mbili na kuacha uwazi katikati. Kwenye pete hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani ua la mwisho halikukutana na la kwanza, pakabaki pengo la zaidi ya milimita 9.

Ninataka kuendelea kuchonga kwa mkono. Leza naihitaji kwa kazi za bei ndogo tu. Naomba mnisaidie kujua ninakosea wapi, katika kuchora au katika kuhamisha. Nawasilisha.

Fundi Leza (Unga Limited, Arusha)

Pole na kazi, mkuu. Kabla sijasema mengi naomba unijibu jambo moja: je, ulipiga picha mchoro wako wa penseli kisha ukaiachia programu iufuatilie yenyewe?

Sonara wa Sakina (Arusha)

Ndiyo, ndivyo nilivyofanya kwa misokoto yote. Majani niliyachora moja kwa moja kwa kalamu ya kishikwambi, nikitumia brashi inayonenepa ukiikandamiza.

Fundi Leza (Unga Limited, Arusha)

Basi chanzo cha mistari miwili ni hicho. Programu inayofuatilia picha haijui kwamba alama ya penseli ni mstari. Inaona eneo jeusi lenye ukingo wa juu na ukingo wa chini, na inazungushia maeneo hayo njia. Brashi yako nayo, ukishahamisha faili kuwa SVG au DXF (aina za faili za vekta ambazo mashine husoma), mara nyingi hugeuzwa kuwa umbo lenye kingo mbili kwa namna hiyohiyo. Mashine ikiambiwa ifuate njia, itafuata kingo zote mbili kwa uaminifu. Kwa hiyo ni lazima uamue mapema: ama mstari wako ni njia moja ya katikati, na mashine ipite juu yake mara moja, ama ni umbo lililofungwa ambalo mashine italijaza ndani kwa vistari. Usichanganye hayo mawili katika tabaka moja, yaani karatasi moja kati ya zile programu inazozipanga juu ya nyingine.

Tena, uliza aina ya mashine kabla ya kulipia. Leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo mawimbi yake yana urefu wa mikromita 10.6, ni nzuri kwa mbao, ngozi na plastiki, lakini fedha na shaba tupu huirudisha miale yake kama kioo. Kwa madini unahitaji leza ya faiba, yenye mikromita 1.06 hivi.

Mchonga Nakshi (Moshi)

Ndugu Sonara, suala la kingo mbili limekwisha kujibiwa vizuri, kwa hiyo mimi nitakaa kwenye misokoto, kwa sababu naamini hapo ndipo nakshi inapoishi au inapofia.

Fungua faili lako, gusa msokoto mmoja na uhesabu nukta zake. Nina hakika utakuta nukta nyingi mno, kwa kuwa programu imefuata hata mtetemo wa karatasi. Kila nukta ni mahali ambapo mkunjo unaweza kusita, na jicho la mtu, hata asiye fundi, huhisi kusita huko ijapokuwa hawezi kulitaja. Mikunjo hii ya vekta ilibuniwa na watu waliokuwa wakitafuta ulaini uleule unaoutafuta wewe: Paul de Casteljau aliifanyia kazi katika kampuni ya Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier, kwa upande wake, akaiendeleza Renault katika miaka ya 1960, wote wakitaka kuchora mabati ya magari yasiyo na vinundu. Nguvu ya mkunjo wa namna hii ni kwamba nukta mbili na mikono yao miwili, yaani vishikio vinavyotoka kwenye nukta na kuuvuta mkunjo, hutosha kubeba robo nzima ya duara. Urefu wa kila mkono ukiwa kama 0.55 ya nusukipenyo, robo hiyo hukaribia duara halisi kiasi kwamba macho hayawezi kuona tofauti.

Kwa hiyo weka picha ya penseli kwenye tabaka la chini, ififishe mpaka ibaki kivuli tu, ifunge isisogee, kisha chora upya juu yake mwenyewe kwa zana ya kalamu, ile ya ndani ya programu inayoweka nukta moja moja. Anza na uti wa mgongo, yaani mstari mkuu, peke yake, bila jani wala ua. Weka nukta pale tu ambapo mkunjo umefika juu kabisa, chini kabisa, kulia kabisa au kushoto kabisa, na mikono yake ilale wima au mlalo. Msokoto wa mizunguko miwili utahitaji nukta tisa hivi. Angalia urefu wa mikono: kadiri unavyoingia ndani ya msokoto, kila mkono uwe mfupi kuliko uliotangulia kwa uwiano usiobadilika, kama ganda la konokono linavyopungua kuelekea katikati. Mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko ulio nje yake, utaona tumbo limejitokeza mahali hapo.

Tawi lisichomoke kwenye uti kama msumari uliopigwa ubaoni. Litoke likiwa limelala juu ya mama yake, likienda naye mwelekeo mmoja kwa kitambo, kisha ndipo liachane naye, kama njia ya mguu inavyoachana na barabara kuu. Ukilizingatia hili peke yake, nusu ya ugonjwa wa mchoro wako utapona.

Sasa kuhusu unene wa mstari. Wewe unachonga kwa mkono, na unajua kwamba chombo chenye ncha ya V hutoa mstari mpana kadiri kinavyozama. Ncha ya nyuzi 90 ikizama milimita 0.1 huacha mfereji wa milimita 0.2, ncha ya nyuzi 120 kwa kina hichohicho huacha karibu milimita 0.35. Basi unapokandamiza kalamu ya kishikwambi, jiulize kama unakandamiza mahali ambapo mkono wako ungezamisha chombo kwenye fedha. Mwanzo wa mstari uwe mwembamba, tumbo la mkunjo liwe nene, mwisho ufifie. Mimi huuweka uti kama njia moja ya katikati, nikauongezea unene baadaye kwenye tabaka lingine, ili nikitaka kubadilisha chombo nisichore upya.

Na usiache kuitazama ardhi, yaani ile sehemu isiyochongwa. Ukisimama mbele ya mlango wa kale wa Unguja au Lamu, utaona kwamba yungiyungi na mnyororo vinasomeka kwa sababu mchongaji alishusha mbao zinazovizunguka. Katika milimita 12 ardhi ni ndogo sana, kwa hiyo nafasi kati ya mistari miwili isiwe nyembamba kuliko mstari wenyewe. Ndiyo maana majani yako yamekuwa mabaka.

Mzee wa Patasi (Arusha)

Wanangu, nimesoma yote. Nimechonga mpingo tangu ujana wangu na sijawahi kuhitaji nukta wala mikono. Ninachokihofia ni kwamba kijana akizoea kurudi nyuma kwa kugusa kitufe, mkono wake hautajifunza kuogopa kosa, na fedha haina kitufe hicho.

Sonara wa Sakina (Arusha)

Shikamoo mzee. Nimelipokea neno lako, na kwa kweli ndilo lililonifanya nisitake kuacha kuchonga kwa mkono. Penseli sitaiacha, kila nakshi mpya itazaliwa kwenye karatasi, na kishikwambi kitafanya kazi ya kuipanga, kuirudia na kuipima.

Mzee wa Patasi (Arusha)

Marahaba. Kwa mpango huo sina kinyongo.

Mwalimu wa Uchoraji (Moshi)

Mimi nina jambo moja kuhusu mbuni, kwa sababu bibi harusi wa Kibosho ataliona kabla ya mtu yeyote. Ukichukua msokoto wa akanthusi na kubadilisha majani tu, utapata majani yanayopishana, moja kulia, linalofuata kushoto. Mbuni hauoti hivyo. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kifundo kimoja, na matunda hujikusanya kwenye kifundo hichohicho, yakibana tawi. Hayaning'inii kwa kikonyo kirefu kama zabibu. Jani lina ncha ndefu iliyochongoka na kingo zenye mawimbi. Ua ni jeupe, na kwa kahawa ya arabika inayolimwa huku kwetu lina petali tano. Shuka shambani, kata tawi, lilaze mezani na ulichore kwa penseli mara tatu au nne kabla ya kushika kishikwambi.

Kwa ukubwa wa bangili yako, jani la milimita 4 halitabeba mishipa yote. Weka mshipa wa katikati na mitatu kila upande, basi. Mawimbi ya ukingo ndiyo yatakayomwambia mtu kwamba hili ni jani la mbuni.

Fundi Leza (Unga Limited, Arusha)

Turudi kwenye pete. Nahisi ulipima kipenyo cha ndani, kama tunavyopima saizi ya kidole, ukatengeneza ukanda wa mchoro kwa kipimo hicho. Ni kweli?

Sonara wa Sakina (Arusha)

Ni kweli. Kipenyo cha ndani ni milimita 18, na unene wa pete ni milimita 1.5.

Fundi Leza (Unga Limited, Arusha)

Basi hesabu yenyewe inajieleza. Mzingo wa ndani ni milimita 56.5, lakini nakshi inakaa nje, ambako kipenyo ni 21 na mzingo ni milimita 66 hivi. Tofauti ni milimita 9.4, na hilo ndilo pengo lako. Chora ua moja katika kisanduku cha milimita 5.5, lirudie mara 12, na litafunga. Kingo za kushoto na kulia za kisanduku zipitwe na uti wa mgongo kwa kimo kilekile na mwelekeo uleule, la sivyo kiungo kitaonekana.

Pia weka mraba wa milimita 10 kwenye kona ya kila faili. Mraba huo ukifunguka ukiwa milimita 13.3 au 7.5, ujue programu moja inahesabu pikseli 96 kwa inchi na nyingine 72, na mchoro wote umepanuka au umesinyaa kwa kiasi hicho. Na ukichora kwa ukubwa mara tano ili upate nafasi, hakikisha umeiamuru programu ipunguze na unene wa mistari pia unapopunguza umbo.

Mchonga Nakshi (Moshi)

Kuhusu kuhamisha kwa ajili ya mkono: geuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, uchapishe kwa printa ya leza, laza karatasi kifudifudi juu ya fedha iliyosafishwa mafuta, ilowanishe kidogo kwa asetoni na uikandamize. Wino wa unga una plastiki ndani yake, asetoni huulainisha nao hushika kwenye fedha. Zima jiko lako la kulehemu kabla ya kufungua chupa, kwa maana asetoni hushika moto upesi sana.

Sonara wa Sakina (Arusha)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku tisa. Nilikwenda Kibosho nikaleta matawi mawili, na mwalimu alikuwa sahihi: nilikuwa nimechora mmea usiokuwapo. Nilipohesabu nukta za msokoto wa kwanza nilifika 140 nikaacha kuhesabu. Msokoto mpya una nukta 10. Nilipouchapisha kwa milimita 12, niliweza kuona kila jani kutoka urefu wa mkono, na kwa mara ya kwanza msokoto wa kwenye kishikwambi ulifanana na ule wa penseli yangu.

Pete imefunga. Bangili ya kwanza nimeichonga jana kwa ncha ya nyuzi 120, ila nimelazimika kupunguza matunda kutoka matano hadi matatu kwenye kila kifundo, kwa sababu matano yalikuwa yanameza uti. Nimeyapunguza kwenye faili pia, kwa hiyo saba zilizobaki zitakwenda na matatu. Mama wa bibi harusi ameipitisha kidole juu yake, akasema haya ni majani ya nyumbani kwake.