Jioni moja ya TV kwa familia nzima: mmechagua kipindi gani msimu huu wa vuli ya 2024?

MamaWatatu (Columbus, Ohio)

Habari za huko mliko, wapendwa. Hapa kwetu tumeweka utaratibu mpya: jioni moja kwa wiki simu zote zinaingia kabatini, tunaangalia TV pamoja, mkubwa kwa mdogo. Kitinda mimba ana miaka sita, wa kati kumi, na wa kwanza yuko darasa la kumi. Mama mkwe wangu naye yuko nasi, ametoka Tanga, na Kiingereza chake ni cha salamu tu. Natafuta kipindi kitakachowaweka wote sebuleni bila mtu kuona haya wala kusinzia.

Mwaka jana hatukuwa na cha kuchagua. Waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Mei 2023, waigizaji wakafuata Julai, na vuli ilipofika stesheni kubwa zilikuwa zimejaa marudio na mashindano ya zawadi. Msimu huu wa 2024 mambo yamerudi, na sasa ni Novemba, karibu vyote vimeshaanza, kwa hiyo tunaweza kuvipima kwa tulichokiona na si kwa matangazo.

Mimi navutwa na Alhamisi ya stesheni ya CBS: saa 2 usiku kuna Georgie & Mandy's First Marriage, saa 2:30 Ghosts, saa 3 Matlock. Wapinzani wake ni St. Denis Medical ya NBC (Jumanne saa 2), Happy's Place ya NBC (Ijumaa saa 2), Abbott Elementary ya ABC (Jumatano saa 3:30) na High Potential ya ABC (Jumanne saa 4 usiku). Saa zote ni za huku Mashariki mwa Marekani. Mume wangu anataka Jumapili, lakini Jumapili usiku NBC ni mpira wa Kimarekani, na hapo bibi na watoto hawana lao.

Mnaonaje? Niambieni ukweli, hasa ninyi wenye watoto wadogo.

BabaJunior254 (Dallas, Texas)

Dada, sisi tulishakata shauri: Alhamisi. Na sababu ya kwanza ni saa. Huku kwetu, saa za Kati, vipindi vya usiku vinaanza saa 1, kwa hiyo tunamaliza viwili vya kwanza saa 2 kamili na mdogo anaenda kulala. Ninyi wa Mashariki mnaanza saa 2, na mtoto wa miaka sita saa 3 usiku ya siku ya shule ni mateso kwake na kwenu. Pima hilo kabla hujapima kingine chochote.

Sababu ya pili ni hicho cha kwanza, Georgie & Mandy. Ni kijana wa Texas miaka ya tisini, kafiwa na baba yake, ana mke na mtoto mchanga, na hana uwezo wa kupanga nyumba. Basi anaishi kwa wakwe! Kazi yenyewe anafanya kwenye duka la matairi la baba mkwe. Mama mkwe hamkubali, na anamwonyesha wazi mezani mbele ya watu. Mimi nimelelewa Kakamega, najua mwanamume kukaa ukweni maana yake ni nini. Mke wangu na mimi tulikuwa tunaangaliana kila baada ya dakika mbili. Lakini kilichonigusa ni kijana wetu wa miaka kumi na sita. Baada ya sehemu ya pili aliniuliza, "Dad, wewe na Mum mlianzia wapi?" Hajawahi kuniuliza hivyo. Tulikaa mpaka saa 5 tukimsimulia chumba kimoja tulichokuwa nacho Kawangware. Kipindi chenyewe ni cha kawaida, kina vicheko vya watazamaji, hakina maajabu. Ila mada yake ni nyumba zetu kabisa.

Matlock usimwache bibi akaikosa. Kathy Bates ameshavuka miaka 75 na ndiye nyota. Anacheza mwanamke mzee anayeingia kwenye ofisi kubwa ya mawakili New York, na silaha yake ni kwamba hakuna anayemtilia maanani ajuza. Mama yangu alipokuja kututembelea hakuhitaji kutafsiriwa sana. Alikuwa anasoma uso wa yule mama na kupiga makofi.

UmmuSalha (Minneapolis, Minnesota)

Assalaam aleykum. MamaWatatu, hongera kwa uamuzi wa simu kabatini, Mwenyezi Mungu awape subira ya kuudumisha.

Mimi nitasema lisilopendeza. Ghosts siwezi kuipitisha nyumbani kwangu kwa mtoto wa miaka sita. Najua ni vichekesho, najua hakuna damu. Lakini kipindi kizima kinasimama juu ya mwanamke anayezungumza na mizimu ya watu waliofia kwenye jumba alilorithi na ardhi yake, na mizimu hiyo ni marafiki zake wa kila siku. Mimi ni mtu wa Lamu. Kwetu mambo hayo si mchezo wa sebuleni, na mtoto mdogo hajui kutenganisha. Tena mmoja wao alikufa bila suruali, kwa hiyo kila akitokea yuko hivyo hivyo, shati juu, chini hana. Baba yangu yuko nyumbani. Nitamwekea hiyo kweli?

Happy's Place nayo ina mada nzuri mno, naihuzunikia. Baba amefariki, binti anarithi biashara yake, halafu anagundua kuna mdogo wake wa mama mwingine aliyerithishwa nusu. Nani kati yetu hajui familia yenye habari hiyo? Na inaonyesha dada wawili wanavyojifunza kupendana badala ya kushtakiana. Ila biashara yenyewe ni baa, na karibu kila tukio liko kaunta. Nimeiangalia mwenyewe, watoto sijawawekea.

Pendekezo langu ni Abbott Elementary. Ni shule ya msingi ya serikali Philadelphia, walimu hawana vifaa, mkuu wa shule ana mambo yake, lakini walimu wanawapenda wale watoto. Quinta Brunson aliyeitunga aliipa jina la mwalimu wake mwenyewe wa darasa la sita. Kama mzazi aliyesomea Lamu, kipindi hiki kimenieleza shule za Marekani kuliko mikutano yote ya wazazi. Saa 3:30 usiku ni usiku mno kwenu, kweli, lakini kesho yake kiko Hulu, ile huduma ya kulipia ya kuangalia mtandaoni. Kiangalieni Ijumaa baada ya chakula.

MzeeWaReading (Reading, Uingereza)

Nimefuatilia kwa makini. Bi UmmuSalha namheshimu, na kwa huyo wa miaka sita nakubaliana naye moja kwa moja. Lakini kwa huyo wa kumi na wa sekondari, msiitupe Ghosts mapema.

Asili yake ni ya huku kwetu. BBC waliianza 2019 wakaimaliza 2023, misimu mitano, kila msimu sehemu sita tu, na kuanzia wa pili ya Krismasi juu yake. Niliiangalia yote na wanangu. Wamarekani wameichukua na kuirefusha, na kwa maoni yangu ya kwetu ni bora kwa uandishi, inakata haraka na kuacha. Ila ya CBS ina jambo moja ambalo ya kwetu haina: historia ya ardhi ya Marekani yenyewe. Yupo Mviking, yupo Sasappis ambaye ni wa kabila la Lenape, wenyeji wa pale kabla ya Wazungu, na yupo Alberta, mwimbaji mweusi wa jazi wa miaka ya ishirini. Kila mmoja kafa katika zama zake na mavazi yake. Binti yangu aliacha kucheka akaanza kuuliza Walenape walienda wapi. Hilo swali lilitupeleka maktaba Jumamosi, na vitabu alivyovichukua siku ile amevisoma vyote.

Kwa hiyo Ghosts ni ya wakubwa wawili, mdogo akishalala. Hiyo suruali, kweli, ni tatizo mbele ya babu.

NesiZamuYaUsiku (Silver Spring, Maryland)

Shikamooni wakubwa. Naona St. Denis Medical mmeipita kama haipo. Imeanza tarehe 12 mwezi huu, baada ya uchaguzi, pengine ndiyo maana wengi hawajaiona.

Mimi ni nesi. Humu najua tuko wengi, manesi, wasaidizi wa wagonjwa, walezi wa wazee majumbani. Watoto wetu wanatuona tunatoka na yunifomu na kurudi tumechoka, basi. Hawajui kinachotokea katikati. Kipindi hiki ni hospitali ndogo ya Oregon isiyo na fedha za kutosha, imepigwa kama filamu ya matukio ya kweli, wahusika wanaizungumzia kamera. Sehemu ya kwanza kuna nesi msimamizi, Alex, zamu yake imekwisha, mwanawe ana onyesho shuleni, na kila akishika mkoba kuna mgonjwa, kuna simu, kuna mwenzake anayemhitaji. Hakuna aliyemlazimisha kubaki. Anashindwa tu kuondoka.

Nilikuwa nimekaa na binti yangu wa miaka tisa. Mwezi wa tano nilikosa onyesho lake kwa sababu hiyo hiyo, na alikuwa amekasirika siku nyingi. Hakusema kitu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unataka kuja?" Nikamwambia nilikuwa nimeshavaa koti. Tukakumbatiana. Sasa ndiye anayenikumbusha Jumanne.

Uigizaji ni mzuri, na mambo ya hospitali hayajatiwa chumvi sana. David Alan Grier, daktari mkongwe aliyechoka, ni mtu ninayefanya naye kazi kila wiki, jina tu ndilo tofauti. Kuna utani wa wakubwa hapa na pale, siwafichi. Lakini kama kuna mtu nyumbani kwenu anafanya kazi hospitali, wekeni hiki kabla ya vyote.

Kivu_Louisville (Louisville, Kentucky)

Jambo kwenu wote, ndugu zangu. Niongeze juu ya High Potential. Sisi watu wa Bukavu Kifaransa tunakisikia, na dada yangu yuko Brussels, yeye alinionyesha ile ya kwanza, HPI, ya TF1, stesheni ya Ufaransa, iliyoanza 2021. Ni mama mwenye watoto watatu, kazi yake kusafisha ofisi za polisi usiku, na akili yake inapita ya wapelelezi wote. Ya Wafaransa iko Lille, hii ya ABC wameipeleka Los Angeles, na Kaitlin Olson anaicheza vizuri.

Mke wangu anasafisha ofisi hapa mjini. Anaipenda mno, na mimi naelewa sababu. Watu wanampita na ndoo yake bila kumsalimia, na kwenye TV yule mwenye ndoo ndiye anayejua jibu. Lakini kila wiki kuna maiti, na saa 4 usiku si saa ya watoto. Tunaangalia sisi wawili tu, kesho yake, kwa Hulu. Kwa jioni ya familia, hapana.

DadaWaHouston (Houston, Texas)

Mimi bado nalilia Bob Hearts Abishola. CBS waliifunga Mei mwaka huu baada ya misimu mitano. Nesi Mnigeria wa Detroit, mjomba na shangazi ndani ya nyumba, mtoto anayesukumwa awe daktari, na wakiwa wenyewe wanaongea Kiyoruba, maandishi chini ya skrini. Ilikuwa familia ya Kiafrika kwenye stesheni kubwa, saa nzuri ya jioni, si wakimbizi wa kuhurumiwa, ni watu wenye kiburi chao na vituko vyao. Nimepitia ratiba ya vuli hii stesheni zote nne na sijaona familia kama hiyo. Kinaniuma. MamaWatatu, mama mkwe wako angeielewa ile kuliko zote zilizotajwa hapa. Kama kuna wenye ushawishi wowote, tuwaandikie stesheni barua. Wanasoma.

FundiAntena (Philadelphia, Pennsylvania)

Kabla hamjaanza kulipa kila mahali, tafadhali nisomeni. CBS ziko Paramount+, NBC ziko Peacock, ABC ziko Hulu. Vifurushi vya bei ya chini vyenye matangazo, Novemba hii ya 2024, ni dola 7.99, 7.99 na 9.99 (Hulu wamepandisha Oktoba). Hiyo ni karibu dola 26 kwa mwezi, zaidi ya 300 kwa mwaka, kwa vipindi ambavyo vyote vinarushwa hewani BURE.

Nunueni antena. Za ndani ya nyumba zinaanzia kama dola 20, unalipa mara moja. Iweke dirishani, upande unaotazama minara, kisha ingia kwenye TV uiamrishe itafute chaneli upya. Ukihamisha antena, tafuta tena. Angalizo moja: antena bapa nyingi zinanasa UHF (mawimbi ya masafa ya juu) vizuri na VHF (ya masafa ya chini yake) kwa shida, na hapa Philadelphia stesheni ya ABC iko VHF. Wanaotaka Abbott hapa mjini, chukueni yenye mikono miwili mirefu kama ya zamani.

Ubaya wa antena ni kwamba saa ni ya stesheni, huwezi kungoja kesho. Na matangazo huyakwepi. Sisi wa Pennsylvania mpaka tarehe 5 tulikuwa tunapigwa matangazo ya siasa kila mapumziko, mwanangu wa miaka saba alikuwa anayakariri. Yameisha, alhamdulillah. Kwa hiyo nashauri antena kwa Alhamisi, na kama lazima mlipie, lipieni kimoja tu.

Halafu wazazi, angalieni ile alama kwenye kona kipindi kinapoanza. TV-G ni ya wote, TV-PG mzazi awe karibu, TV-14 si ya walio chini ya miaka kumi na minne. Wengi tunaipuuza.

MamaWatatu (Columbus, Ohio)

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, na nyingine nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Kaka BabaJunior, hoja ya saa imenishinda. Saa 2 hadi 2:30, Georgie & Mandy, tuko wote. Kisha mdogo na wa kati wanaenda kulala na baba yao, na Ghosts tunaiacha. Mzee wa Reading, mkubwa wangu nitamwachia aitafute ile ya BBC wakati wa likizo, sehemu sita za msimu mmoja ataziweza. Saa 3 mimi na mama mkwe na Matlock. Nesi, ya kwako tutaijaribu mara moja, kwa sababu wifi yangu anafanya kazi hospitali na watoto wake huwa kwetu Jumanne.

Alhamisi ijayo ni Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya huku, nyumba itajaa, kwa hiyo tunaanza wiki inayofuata. Fundi, nyumba yetu ni ya matofali na dirisha la sebuleni linatazama mlima mdogo. Antena ya ndani itafaa, au nipandishe juu ya paa?

FundiAntena (Philadelphia, Pennsylvania)

Matofali na mlima, ipandishe. Kama kuna dari yenye nafasi chini ya paa, anzia hapo, usitoboe nje kwanza. Jaribu kwanza CBS na NBC, na ukinasa zote mbili safi, hiyo imetosha.

UmmuSalha (Minneapolis, Minnesota)

Na Abbott Ijumaa, MamaWatatu. Wa miaka kumi asije akaikosa.