Mita inakula hela, ukuta unaota ukungu

Kutoka: mgeni wa Coventry

Habari zenu ndugu zangu,

Mimi ni mgeni wenu, nimetokea Mwanza, nipo hapa Coventry, Uingereza, na mume wangu na mtoto wetu wa mwaka na nusu. Tulifika wakati wa joto, dalali akatupatia nyumba ya vyumba viwili, tukaiona nzuri tu. Sasa baridi imeingia, ikifika saa kumi jioni ni giza, na kuna mambo mawili yananitoa jasho kwenye baridi hii hii.

La kwanza ni mita. Umeme na gesi vyote ni vya kujaza kwanza ndiyo utumie, kama LUKU. Umeme una ufunguo wa plastiki, gesi ina kadi. Jiko letu ni la umeme, shawa nayo ya umeme, kwa hiyo gesi hatujaigusa tangu tuhamie. Juzi nimekwenda duka la kona nikajaza gesi pauni 20, nimerudi nimechomeka kadi, kioo kinasoma pauni 3 na peni kadhaa. Boila ya kupasha nyumba joto hata sijaiwasha! Zimekwenda wapi?

La pili ni ukungu. Nimesogeza kabati chumbani kwa mtoto, nyuma yake ukuta mweusi, madoa madoa mpaka kwenye kona ya dari. Koti la mtoto lililokuwa limebanwa pale lina kitu kama vumbi la kijani mgongoni. Nimempigia dalali, kasema eti sisi tunapika sana. Mume wangu anataka tununue rangi tupake yaishe. Nishaurini.


Kutoka: dada yenu wa Leicester

Karibu sana mdogo wangu, na pole. Mwambie shemeji aweke brashi chini kwanza, nitafika huko.

Mita haijakuibia, ila hakuna aliyekwambia inavyofanya kazi. Hapa mbali na gesi unayochoma kuna ada ya kila siku, inahesabiwa hata ukilala na boila imezimwa. Miezi yote ile ya joto mlipokuwa hamgusi gesi, ada ilikuwa inajipanga ndani ya mita. Ulipochomeka kadi ikachukua chake kwanza. Ndiyo maana watu wazoefu hujaza kidogo kidogo hata Julai.

Lakini kabla hujaridhika na maelezo hayo, niulize jambo moja: hiyo kadi na huo ufunguo mlivikuta ndani ya nyumba? Kama mlivikuta, na hamjawahi kuipigia kampuni ya gesi na ya umeme kusema "sisi ni wapangaji wapya, tumeingia tarehe fulani", basi inawezekana kabisa unamlipia deni mtu aliyehama. Mita inakumbuka deni, haijui sura ya mtu. Piga simu leo, uwe na mkataba wa nyumba mkononi na namba iliyoandikwa kwenye mita. Waombe kadi mpya, na wakikuta mlikatwa deni lisilo lenu wadai wawarudishie.

Ukiwa kwenye simu hiyo hiyo waambie una mtoto wa chini ya miaka miwili. Wanayo orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi, na kuwamo ni bure. Uliza pia kuhusu mkopo wa dharura wa mita, kwa kawaida ni kati ya pauni 5 na 10. Salio likikaribia kwisha unaukubali kwenye mita, utaulipa ukijaza. Usiku na wikendi mita nyingi hazikati hata salio likiisha, lakini hilo nalo linakuja kudaiwa Jumatatu.

Sasa ukungu. Hewa ya ndani ina mvuke: wa kuoga, wa sufuria, wa nguo mbichi, hata wa pumzi zenu mkilala. Hewa hiyo yenye joto ikigusa ukuta wa baridi, mvuke wake unageuka maji, na ukuta wa baridi kuliko wote ni ule wa nje, uliozibwa na kabati, hewa haipiti. Kwa hiyo kabati lihamie ukuta wa ndani, au angalau liache nafasi ya kiganja. Ukipika funika sufuria, washa feni, funga mlango wa jiko. Maharage ya kuchemka saa mbili bila mfuniko, mdogo wangu, hapo dalali ana hoja kidogo. Juu ya madirisha kuna vitundu vya kupitisha hewa, msivizibe kwa gundi kwa ajili ya baridi.

Ila si kila ukungu ni wa mvuke. Tazama: je, ukuta umelowa kuanzia chini kupanda juu, rangi inabanduka na kuacha chumvichumvi? Je, kuna doa la kahawia darini linalokua mvua ikinyesha? Hayo ni maji yanayoingia kutoka nje au chini, na hata mkiacha kupika mkala mkate mkavu mpaka Aprili hayatakauka. Toka nje utazame mfereji wa paa juu ya chumba hicho. Dalali hapendi uujue huo mfereji.

Na rangi hapana. Ukipaka juu ya ukungu utaota tena juu ya rangi, na mtakuwa mmejifutia ushahidi. Piga picha kwanza: ukuta mzima, halafu karibu, na koti la mtoto. Kisha mtoto alale chumba chenu, fungua dirisha, vaa barakoa na glavu, futa kwa dawa ya ukungu au jiki iliyochanganywa na maji. Jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi. Usikwangue kwa brashi kavu, unausambaza. Mtoto akiwa anakohoa au kifua kinalia, mpeleke kwa daktari wenu na umwambie kuhusu ukuta, aandike kwenye faili.


Kutoka: Mkenya wa Luton

Sasa wadau. Dada wa Leicester amesema yote, lakini amesahau nguo. Au amenyamaza makusudi, kwa sababu hakuna mtu hapa mwenye jibu zuri.

Kila kitabu cha kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kinasema usianike nguo ndani. Zianikwe wapi? Novemba, nje? Nimeona taulo likikaa kwa kamba hadi wiki ikaisha, likarudi limelowa kuliko lilivyotoka. Mimi nafanya hivi: mashine ikimaliza naikamua nguo mara ya pili, ile tu ya kuzungusha bila maji, halafu naanika bafuni, mlango nimefunga, feni inavuta au dirisha liko wazi kidogo. Kamwe si kwa redieta, ile ya ukutani ya kupasha joto, chumba cha kulala. Ukiona madirisha yanatoa jasho asubuhi, hizo ni jeans zako.

Ukipata pesa kidogo nunua mashine ya kuvuta unyevu. Ndogo hula stima kama wati 200 hivi, na kila jioni utamwaga ndoo ya maji ujiulize yalikuwa wapi. Angalia kwa maduka ya hisani au wale wanaouza vitu vya mtumba mtandaoni kabla ya kununua mpya.

Mahali ambapo mimi na dada hatukubaliani ni hili la nafasi ya kiganja. Nyumba za huku, ukiacha kiganja kila ukuta, utalala umesimama.

Na kuhusu joto: usizime kabisa mchana kisha usiku uwashe kama tanuri. Nyumba ikipoa sana ukuta unakusanya maji. Weka joto la chini lakini la kutosha, na redieta ya chumba ambacho hamlali ipunguze, usiizime. Najua mita ya tokeni inatisha. Uliza benki ya chakula kuhusu vocha za gesi na stima, sehemu nyingi ziko wakati wa baridi.


Kutoka: mgeni wa Coventry

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepiga simu. Kadi ilikuwa ya aliyehama, na sehemu ya ile hela ilikwenda kwenye deni lake! Wamesema watanirudishia, kadi mpya inakuja.

Dari lina doa la kahawia kweli, na mfereji wa nje umepasuka kwenye kona, maji yanateremka ukutani. Nimemwambia dalali kwa simu, kasema "fungueni madirisha". Mume wangu anaogopa tukiendelea kusumbua tutafukuzwa, na mimi niko kwenye viza ya kazi, naogopa kwenda kaunsili isije ikawa nimeomba msaada wa serikali.


Kutoka: mzee wa Reading

Assalaam aleikum, mwanangu.

Hofu yako naijua, wengi wetu tumelelewa kwamba mgeni halalamiki. Lakini wewe si mgeni wa huyo mtu, wewe unamlipa kodi kila mwezi.

Kwanza, acha simu. Andika baruapepe, hata kama Kiingereza chako unakionea haya. Taja tarehe ulioona tatizo, weka picha za ukuta, doa na mfereji, sema kuna mtoto wa mwaka na nusu, omba waje kukagua na kutengeneza, na weka siku ya kujibiwa. Kila wakikupigia, ukimaliza andika tena: "Leo umeniambia hivi na hivi." Neno la simu hapa halina mwenyewe.

Wasipojibu, idara ya afya ya mazingira ya kaunsili inaweza kutuma mkaguzi, na inaweza kumwamuru mwenye nyumba atengeneze. Kuripoti nyumba mbovu si kuomba fedha za umma. Kinachokatazwa kwenye viza kama yako ni mafao na nyumba za kaunsili, si ukaguzi. Kwa anayeishi peke yake nitaongeza: punguzo la asilimia 25 la kodi ya kaunsili (ushuru wa mtaa, si kodi ya pango) kwa mtu mzima mmoja halihesabiwi kuwa fedha za umma, lichukueni. Ule msaada mwingine wa kodi ya kaunsili, wa watu wa kipato kidogo, ndio unaohesabiwa, huo msiuguse.

Kuhusu kufukuzwa: Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 inaondoa England ule utaratibu wa mwenye nyumba kukutoa bila kutoa sababu, kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Na amana yenu, ile hela ya dhamana mliyompa mwenye nyumba, je, mlipewa karatasi ya kuonyesha imewekwa kwenye mfuko wa hifadhi? Ilipaswa kuwekwa ndani ya siku 30 tangu muilipe, na isizidi kodi ya wiki tano. Kama hamna karatasi, ulizeni kwenye ile mifuko mitatu iliyoidhinishwa. Isipokuwemo, mahakama inaweza kumtoza mwenye nyumba mara moja hadi mara tatu ya amana. Wenye nyumba wengi hulainika ghafla ukiwauliza swali hilo kwa upole.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Desemba 2020 huko Rochdale alifariki mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba alikuwa amelalamika kuhusu ukungu tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alisema ni ukungu wa fleti ile uliomsababishia ugonjwa wa kifua uliomuua. Sheria yenye jina lake ilianza kazi tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za kaunsili na za mashirika ya makazi: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Ninyi mmepanga kwa mtu binafsi, muda huo bado haujafika kwenu, lakini kwenye baruapepe litaje jina la mtoto huyo. Kila dalali Uingereza analijua.


Kutoka: dada yenu wa Leicester

Mzee ahsante. Mdogo wangu, nitumie hiyo baruapepe niipitie kabla hujaipeleka. Na mashine ya kuvuta unyevu ninayo moja imekaa tu stoo, shemeji aje Jumamosi baada ya adhuhuri, aje na gari maana ni nzito. Mtoto msimrudishe chumba kile mpaka mfereji utengenezwe.